Kikundi cha "Ukoo wa Kayenze": waliolala mtoni wamerudi

*Jumapili, saa 2 usiku*

Mama Kulwa: Tumefika Igoma salama. Shikamoo mama, shikamooni wakubwa wote. Vumbi mpaka masikioni.

Bibi: Marahaba. Poleni na safari. Mmeona nini huko

Doto: Bibi tumelala kandokando ya mto Grumeti, ndani ya Serengeti! Hema lina kitanda na bafu humo humo. Usiku kiboko alikuwa nje anang'oa majani, krap krap, kama ng'ombe zizini. Mimi sikulala

Bibi: Kwa hiyo mmelipa hela ili kiboko awanyime usingizi

Mjomba Sitta: 😂😂😂 mama umeua

Bibi: 🎤 sauti, 0:41

Kulwa: Kwa wasio na bando la kufungulia, bibi anasema: "Babu yenu alikuwa anapiga debe shambani mpaka alfajiri kufukuza kiboko kwenye mpunga. Hakuna mzungu aliyekuja kupiga picha. Huyo mnyama mkimkuta nchi kavu msimkatie njia ya kurudi majini, hapo ndipo anapoua mtu."

Mama Kulwa: Mama, askari wa kambi alituambia hivyo hivyo! Giza likiingia hutoki hemani peke yako, unamulika tochi anakuja kukusindikiza hadi mezani. Nilidhani ni mbwembwe za hoteli, hadi asubuhi tukaona kinyesi mlangoni.

Mjomba Sitta: Nyumbu je? Si mwezi wa sita huu, wanapita upande wetu

Kulwa: Wengi wameshavuka mjomba, ila nyuma bado kuna makundi. Tulikaa juu ya kingo karibu saa nzima, wanasogea, wanakunywa, wanarudi mbio. Mamba chini wametulia kama magogo. Dereva anasema mamba anaweza kukaa miezi bila kula, hana haraka. Hatukuona akikamata hata mmoja, na mimi nilishukuru, mama alikuwa ameshafumba macho

Mama Kulwa: Nilikuwa nasali.

Kulwa: Kilichonifurahisha mimi ni mbega, wale weusi kwa weupe wenye mkia kama ufagio, kwenye msitu wa mtoni. Watu wote wanauliza simba tu.

Mama Mdogo Neema: Nataka kupeleka wanangu likizo. Shemeji, njia ikoje?

Baba Kulwa: Rahisi. Magu, Lamadi, halafu geti la Ndabaka liko pale pale kando ya lami ya Musoma. Toka Mwanza ni kama kilometa 140. Ukishaingia ndani ndiyo kazi, ule ni udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha gari ndogo inalala hapo hapo. Na kiingilio kinahesabiwa kwa saa 24, si kwa siku ya kalenda. Sisi tulipiga hesabu vibaya tukaongeza hela getini, kosa letu wenyewe.

Mama Mdogo Neema: Nguo?

Kulwa: Usivae nyeusi wala bluu!! Mbung'o wanazipenda. Vile vitambaa vya bluu na nyeusi vilivyotundikwa mitini ni mitego yao. Doto alivaa jezi nyeusi, akawa mtego wa familia

Doto: Bado najikuna 😭

Mjomba Sitta: Mama, maji ya huo mto yanaishia kwetu, Ghuba ya Speke. Kiboko wa Doto ni jirani yako.

Bibi: Basi amsalimie. Na yale matobolwa ya viazi niliyowapa ya njiani mlikula?

*saa 2:31*

Bibi: Mbona kimya

Kulwa: Bibi, Doto aliacha mfuko mezani nje ya hema. Tumbili walishuka watatu

Bibi: Wakala yote?

Kulwa: Yote. Mmoja alikaa juu ya paa akitutazama huku anatafuna

Baba Kulwa: Mama samahani. Hata mhudumu alitugombeza, chakula hakiachwi nje, wakizoea watakuja kuvunja zipu za wageni.

Bibi: Viazi nimelima mimi, nimechemsha mimi, nimeanika mimi juu ya jabali siku nne

Mjomba Sitta: Angalau tumbili hawakulipa kiingilio

Bibi: Sitta nyamaza. Doto, na ule mfuko wangu wa kitambaa cha kitenge uko wapi?

Doto: *Ujumbe huu umefutwa*

Bibi: Doto