Mafua ya ndege yaliingiaje kwa ng'ombe wa Marekani?

MamaKuku: Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa. Nafuga kuku wa mayai, H5N1, yaani hayo mafua ya ndege, miaka yote naisikia ni ya kuku na bata, sasa 2024 ikakutwa kwa ng'ombe wa maziwa kule Texas na Kansas tena virusi vimejaa kwenye maziwa! Imekuwaje mpaka kiwele?

LabuTek: Dada, kirusi cha mafua kuingia kwenye seli lazima kishike sukari fulani iko juu ya seli, asidi ya sialiki. Iko ya aina mbili: ya kwenye utumbo wa ndege inaitwa alfa 2,3, ya puani na kooni kwetu ni zaidi alfa 2,6. Walipochunguza kiwele wakakuta ile ya ndege imejaa mle, yaani kirusi hata hakikuhitaji kubadili ufunguo wake wa kushikia sukari. Halafu mashine ya kukamulia ikitoka kwa huyu inavikwa yule, chuchu kwa chuchu, kinasambaa zizi zima. Hata paka waliokunywa maziwa mabichi kwenye hayo mashamba walikufa.

Mzee wa Mifugo: Naongezea, kuingia sio kuzaana. Kikishaingia, ili kizaane kinatumia protini ya mnyama kilimoingia inaitwa ANP32A, ya ndege ni ndefu kuliko ya mamalia kwa hiyo kirusi cha kuku kwa mamalia kinasuasua, ila protini ya kirusi chenyewe inaitwa PB2 ikibadilika sehemu moja tu, nafasi ya 627, kinaanza kuzaana vizuri. Yule mfanyakazi wa shamba Texas aliyeugua macho 2024 kirusi chake kilikuwa na badiliko hilohilo. Ila ufunguo wa pua zetu kilikuwa bado hakina, hapo ndio tumepona.

MamaKuku: Eeh kumbe! Jirani yangu ana nguruwe, banda lake na langu tumetenganishwa na wavu tu, kuna shida?

LabuTek: Hapo mimi ningeogopa kuliko ng'ombe, kweli kabisa. Nguruwe anapata mafua ya watu na ya ndege pia, na jeni za hiki kirusi ziko vipande 8, virusi viwili tofauti vikikutana kwenye seli moja vinabadilishana vipande. Mafua ya 1957 na 1968 yalitokana na mchanganyiko wa ndege na binadamu, ya 2009 yalitoka kwa nguruwe. Hamisha banda dada, na mwenye mafua asiingie kwa nguruwe.

MamaKuku: Naongea nae leo jioni. Asanteni sana.