Duka la vocha za gemu limebadili sura na njia za malipo, sasa linakata pesa mara mbili. Soma kabla hujabonyeza "Lipa sasa"

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni kwa wote wanaonunua vocha za PlayStation, daimondi za Free Fire, UC za PUBG Mobile (sarafu za ndani ya gemu hizo) na kadi nyingine za gemu kwenye duka lile la mtandaoni lililokuja na sura mpya na "njia rahisi za malipo". Jina silitaji, wanaolitumia wameshalijua. Hakuna kilichorahisishwa. Wameondoa vitu vilivyokuwa vinamlinda mnunuzi, wakaweka picha kubwa.

Nianze na linalouma zaidi, malipo ya simu.

Zamani ulikuwa unachagua kadi, unapewa lipa namba pamoja na namba ya oda, unafungua menyu ya simu yako (*150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money), unalipa, unarudi kwenye tovuti kuingiza namba ya muamala, vocha inatoka. Hatua zilikuwa nyingi, sawa. Lakini oda ilikuwa moja, malipo moja, na kukitokea tatizo ulikuwa na namba mbili za kumwonyesha mtu wa huduma kwa wateja.

Sasa unaandika namba ya simu tu, unabonyeza "Lipa sasa", na ule ujumbe wa kuweka namba ya siri unajitokeza wenyewe kwenye simu. Njia hii yenyewe haina ubaya, maduka mengi yanaitumia vizuri. Ubaya ni jinsi hawa walivyoiunga.

Ukurasa wao unahesabu sekunde 30, basi. Zikiisha, maandishi mekundu yanatokea: "Malipo yameshindikana. Jaribu tena", na chini yake kitufe kikubwa cha kijani. Wakati huohuo ujumbe wa namba ya siri bado uko hai kwenye simu, maana mtandao huuacha kwa takriban dakika nzima. Jioni watu wakiwa wengi mtandaoni, ujumbe wenyewe unaweza kuchukua sekunde 15 hadi 20 kufika. Mtu anasoma kiasi, anahakikisha jina la kampuni, anaingiza namba ya siri kwenye sekunde ya 35, anainua macho: ukurasa unamwambia imeshindikana. Anabonyeza kijani. Ujumbe wa pili unakuja, anaingiza tena. Dakika moja baadaye zinaingia SMS mbili za "imethibitishwa", na vocha ni moja, au hakuna kabisa.

Pesa inapotea hivi. Kila ukibonyeza "Jaribu tena", mfumo unatengeneza oda mpya yenye namba mpya na kuifuta ile ya kwanza. Majibu ya mtandao kwamba malipo ya kwanza yamepita yanapofika kwenye seva yao, yanatafuta oda ambayo haipo tena. Pesa imeshaingia kwenye akaunti yao, ila kwenye mfumo wao haina mwenyewe. Ndiyo maana ukiwapigia wanakujibu "hatuoni malipo yako". Kweli hawayaoni, kwa sababu wanatafuta kwa namba ya oda uliyo nayo wewe, ambayo ni ya pili.

Dawa yake haihitaji miezi. Kabla ya kutangaza kwamba malipo yameshindikana, seva inatakiwa iulize mtandao hali ya muamala. Huduma hiyo ipo kwa ajili hiyo hasa. Oda isifutwe mpaka mtandao ujibu. Na mteja akirudia, atumie namba ileile ya oda, ili malipo ya pili yakija mfumo utambue kwamba oda hii imeshalipwa na urudishe ya ziada.

Kwa wenzetu wa Kenya, ambako duka hili linauza pia, aibu ni kubwa zaidi, kwa sababu M-Pesa ya kule inarudisha majibu yenye namba zinazoeleweka. 0 maana yake yamepita. 1 ni salio halitoshi. 1032, mteja ameghairi mwenyewe. 1037, simu haikupatikana au muda umekwisha. 2001, taarifa si sahihi, mara nyingi ni namba ya siri iliyokosewa. Yote hayo isipokuwa 0, duka linayaandika kwa maneno yaleyale: "Malipo yameshindikana." Mtu aliyekosea namba ya siri anaambiwa kitu kilekile na mtu ambaye simu yake ilikuwa imezima. Atajuaje cha kurekebisha?

Halafu kuna suala la namba za simu. Mfumo mpya haukuulizi uko mtandao gani, unabahatisha kwa tarakimu za mwanzo: 075 ni Vodacom, 068 ni Airtel, 071 ni Yas (zamani Tigo), na kadhalika. Tanzania mtu anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake tangu Machi 2017! Kenya tangu 2011. Namba ya 0754 inaweza kuwa Airtel leo hii. Aliyehama anabonyeza "Lipa sasa", ombi linapelekwa kwenye mtandao aliouhama, hakuna kinachotokea, sekunde 30 zinaisha, maandishi mekundu. Sehemu ya kubadilisha mtandao hakuna. Na kwenye orodha yao nembo ya Tigo Pesa bado ipo, ilhali jina limekuwa Mixx by Yas tangu mwishoni mwa 2024. Duka linalojisifu kwa sura mpya limeshindwa kubadilisha picha moja.

Ukiandika namba yako kwa mpangilio wa 07 inakataliwa, inataka 255. Ukiandika 255 kisha ukaibakiza ile sifuri (2550754…) inakubali bila kulalamika na ombi linapotelea hewani. Kuhesabu tarakimu 12 ni kazi ya mstari mmoja kwa mtengeneza programu.

Kwa ambao tayari wamekatwa mara mbili, fanyeni hivi na kwa mpangilio huu. Msibonyeze kitu kingine chochote. Pigeni picha ya skrini yenye namba ya oda inayoonekana sasa, halafu ingieni kwenye historia ya kivinjari mtafute anwani ya ukurasa wa kwanza wa malipo. Namba ya oda iliyofutwa imeandikwa mwishoni mwa anwani hiyo, baada ya alama ya sawasawa. Nakilini namba za miamala kutoka kwenye SMS zote mbili, pamoja na saa. Waandikieni duka kwa barua pepe, si kwa simu, mkiweka vitu vinne: namba za oda mbili, namba za miamala mbili, namba ya simu iliyolipa, na kiasi. Ombeni watafute kwa namba ya muamala, wasitafute kwa oda. Sisitizeni hilo, ndilo linalofanya pesa ionekane. Wakikaa kimya, pelekeni kwa mtoa huduma wenu wa pesa za simu, na asipowasaidia naye, Benki Kuu ya Tanzania inapokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha chini ya kanuni za 2019 za kuwalinda. Kwa upande wa duka lenyewe kama muuzaji, mlango ni Tume ya Ushindani.

Wengine wameanza kushauriana kutumia "pochi" mpya ya duka ili kukwepa adha hii. Nawasihi msifanye hivyo. Pochi inakubali kujazwa kwa viwango vitatu tu: 10,000, 20,000 na 50,000. Kadi ya 12,500 inakulazimisha ujaze 20,000, na 7,500 inabaki humo. Kuitoa huwezi, kuihamishia kwa mwingine huwezi, na masharti yao, ambayo yapo kwenye kiungo chenye maandishi madogo chini kabisa ya ukurasa, yanasema salio lisilotumika siku 180 linafutwa. Hapo kuna tofauti ambayo watu hawaioni. Pesa iliyo kwenye M-Pesa au Airtel Money, kwa sheria ya Tanzania ya mifumo ya malipo ya 2015 na kanuni zake, inatakiwa iwe na kiasi sawa kilichowekwa benki kwenye akaunti ya udhamini, kando na pesa za kampuni. Salio la pochi ya duka halina kinga hiyo. Duka likifunga, unapanga foleni na wadai wengine.

Kadi za benki nazo. Bei kwenye ukurasa imeandikwa kwa shilingi, lakini ukifika hatua ya mwisho malipo yanapita kwa dola, na benki yako inabadilisha kwa kiwango chake cha kuuzia na kuongeza ada ya malipo ya nje. Tuchukue mfano wa vocha ya dola 10 iliyoandikwa 26,000. Benki ikibadilisha kwa 2,680 na ada ikiwa asilimia 3, kwenye akaunti inatoka 27,604. Hiyo 1,604 hukuonyeshwa popote. Na hii si huduma ya nje, ni duka la hapa linalomuuzia mtu wa hapa. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2025 zimekataza kutoza kwa fedha za kigeni bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi. Walete njia ya malipo ya shilingi, benki za nchini zinaitoa.

Kwa wanaotumia kadi kwenye simu, jihadharini na ukurasa wa kuweka namba ya uthibitisho ya mara moja. Wameufungia ndani ya kisanduku kidogo kisichosogea, kitufe cha kuthibitisha kinabaki chini nje ya skrini. Lazeni simu kwa upana au punguzeni ukubwa wa maandishi ya kivinjari hadi asilimia 50, kitaonekana.

Sasa sura yenyewe. Zamani kila kadi ya PlayStation ilikuwa na bendera na jina la nchi juu yake, na pembeni kulikuwa na kichujio cha nchi. Wameviondoa vyote viwili. Nchi sasa imefichwa ndani ya "Maelezo zaidi", ambayo hujifungua ukibonyeza tu. Hili si suala la urembo. Duka la PlayStation halina Tanzania wala Kenya kwenye orodha ya nchi zake, kwa hiyo watu wetu wanafungua akaunti za Marekani, Uingereza, Afrika Kusini au Falme za Kiarabu. Vocha ya Marekani inaingia kwenye akaunti ya Marekani pekee. Ukinunua ya dola wakati akaunti yako ni ya Afrika Kusini, umenunua herufi 12 zisizo na kazi, na vocha ikishafunuliwa hairudishwi.

Hizo herufi 12 zenyewe angalieni zinavyoonyeshwa. Maandishi membamba ya kijivu juu ya weusi, na mwandiko waliouchagua hautofautishi sifuri na herufi O, wala moja na herufi I. Kunakili kumezuiwa, unalazimika kuandika kwa mkono. Ukijaribu mara nyingi na kukosea, akaunti inazuiwa kuingiza vocha kwa muda. Ukurasa wa vocha unajifunga baada ya dakika 10, na ile SMS iliyokuwa inaleta nakala imefutwa. Zamani vocha ilikuja kwa makundi ya herufi nne nne yenye nafasi katikati, kwa SMS, na ukaweza kuinakili. Kwa sasa pigeni picha ya skrini mara tu inapofunguka, kabla ya kuandika chochote.

Kwa daimondi na UC, sehemu ya kuweka namba ya mchezaji zamani ilikuletea jina la mchezaji kabla ya kulipa. Unaona jina lako, unalipa. Wameitoa. Tarakimu moja ikikosewa, daimondi zinaenda kwa mtu usiyemjua na hazirudi. Namba msiiandike kwa kichwa, inakilini kutoka ndani ya gemu na kuibandika, kisha linganisheni tarakimu nne za mwisho.

Uzito: fungueni zana za msanidi kwenye Chrome, sehemu ya mtandao, mpakue ukurasa wa mwanzo upya. MB 14, nyingi zikiwa za video inayojicheza juu bila kuombwa. Wa zamani haukufika MB 1. Ukirudi nyuma kutoka kwenye bidhaa, orodha inaanza upya juu na video inapakuliwa tena. Kurudi mara kumi ni karibu MB 140 za bando kwa mtu aliyekuja kununua vocha ya elfu tano. Mkizuia video kujicheza kwenye mipangilio ya kivinjari inapungua sana.

Tunachotaka kwao, na nimewatumia kwa maandishi: sekunde 30 ziondoke na hali ya muamala iulizwe, oda isibadilike namba, mteja achague mtandao wake mwenyewe, lipa namba ya zamani irudi kama chaguo, nchi ya vocha irudi juu ya picha, jina la mchezaji lirudi, na kila pesa iliyokaa kwao bila oda tangu siku ya mabadiliko irudishwe kwenye namba iliyoituma bila mteja kuomba. Namba hizo wanazo, ziko kwenye taarifa zao za malipo.

NYONGEZA: Mchangiaji ameuliza kama lipa namba ya zamani bado inapokea. Inapokea, lakini msiitumie. Sehemu ya kuingiza namba ya muamala kwenye tovuti imefutwa, kwa hiyo pesa itaingia kwao na vocha haitatoka.

NYONGEZA 2: Tangu leo asubuhi ukurasa unahesabu sekunde 60 badala ya 30. "Jaribu tena" bado inatengeneza oda mpya. Subirini SMS ya mtandao kabla ya kugusa kitufe hicho.