Tumeuziwa kompyuta ya wanafunzi wasioona isiyotoa sauti

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Duka moja la vifaa vya kielektroniki limeiuzia shule yetu Raspberry Pi 5, kompyuta ndogo, kwa ajili ya wanafunzi wasioona, kwa ahadi kwamba itawasomea maandishi kwa Kiswahili mara tu ikiwashwa. Ndani ya boksi tulikuta spika zenye pini ya milimita 3.5. Toleo hilo, lililotoka mwaka 2023, halina tundu la pini hiyo. Toleo lililotangulia, Pi 4, ndilo lililokuwa nalo. Sauti ya Pi 5 hupitia HDMI (waya wa skrini), USB au bluetooth, na skrini tuliyopewa haina spika. Aliyefunga vitu hivyo pamoja hakuwahi kuvijaribu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mfumo wa Raspberry Pi OS, unapowashwa mara ya kwanza, hutoa maelekezo kwa sauti kwamba mtumiaji abonyeze Ctrl, Alt na kitufe cha nafasi ili kusakinisha Orca, programu inayosoma yaliyomo kwenye skrini. Maelekezo hayo yaliwekwa ili asiyeona aanze mwenyewe, bila kumsubiri mwenye macho. Kijana wetu aliketi mbele ya mashine akipapasa kibodi, asijue hata kama imewaka.

Tuliponunua adapta ya sauti ya USB kwa fedha zetu, mashine ilisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na neno kama "ng'ombe" halikueleweka kabisa. Hilo nalo halina udhuru, kwa sababu eSpeak NG ni programu ya bure ya kusoma maandishi kwa sauti, ni nyepesi, na Kiswahili kimo ndani yake: amri ya espeak-ng -v sw ikifuatwa na sentensi inatosha kuthibitisha. Sauti yake ni kavu, lakini inatamka inavyopaswa. Anayetaka sauti laini zaidi ataipata kwenye Piper, programu nyingine ya aina hiyo, yenye sauti ya Kiswahili cha Kongo, nayo haihitaji intaneti ikishasakinishwa. Fundi wao angeyamaliza hayo yote dukani.

Nilipowapigia simu walijibu kwamba mipangilio ni jukumu la mteja. Sikubali. Tulilipia kompyuta inayosoma, si vipuri vya kuiunda. Ninalitaka duka hilo lirudishe gharama ya adapta, libadilishe spika, na lisiuze boksi jingine kwa jina la wasioona kabla halijaisikia mashine yenyewe ikisoma Kiswahili.