Tamaa yenyewe ni dhambi, au mpaka mtu airidhie?

Mleta mada: Mathayo 5:28 inasema atazamaye mwanamke kwa kumtamani amekwisha kuzini naye moyoni. Yakobo 1:15 inasema tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi. Kama tamaa ni mama na dhambi ni mtoto, mbona mama anahukumiwa kabla hajajifungua?

Mkatoliki: Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulilijibu hili mwaka 1546. Tamaa inayobaki ndani ya aliyebatizwa si dhambi kwa maana halisi. Paulo huiita dhambi kwa kuwa imetokana na dhambi na huvuta kwenye dhambi. Ili iwe dhambi ya mauti, lazima jambo liwe zito, mtu awe anajua, na aridhie kwa hiari. Wazo lililopita kichwani likafukuzwa limekosa hilo la tatu.

Mlutheri: Hapo ndipo tunapoachana. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, ibara ya 2, linasema hali ya kuzaliwa na tamaa hiyo ni dhambi kweli. Warumi 7:7 inanukuu amri: "Usitamani." Haikusema "usiridhie kutamani". Aliyebatizwa hahesabiwi dhambi hiyo, sawa, lakini deni lililosamehewa lilikuwa deni.

Mkatoliki: Basi nieleze Luka 22:15, Yesu anaposema, "Nimetamani sana kuila Pasaka hii." Kitenzi cha Kigiriki ni kilekile cha Mathayo 5:28. Hata Kiswahili kinalijua hilo: aliyekata tamaa hatumpongezi.

Mlutheri: Sijasema kila hamu ni dhambi. Yesu aliona njaa jangwani. Nasema hamu iliyopinda, ya kutaka cha mwenzio.

Msoma Kigiriki: Tazameni sarufi kwanza. Mathayo 5:28 inaweza kusomwa "atazamaye ili kumtamani": pana kusudi. Jicho lililoangukia mtu si sawa na jicho lililorudi kumtazama. Na Yakobo 1:14, "akivutwa na kudanganywa", hilo la pili ni neno la kunasa kwa chambo. Chambo kikishuka majini, samaki bado yuko huru.

Tena, Yohane wa Ngazi, mtawa wa Sinai wa karne ya 7, alipanga hatua za jaribu: wazo linabisha hodi, mtu analiongelesha, anakubaliana nalo, linamteka, wanapambana, mwisho linakuwa mazoea. Ya kwanza haina lawama. Ya pili, alisema, si kila mara iko salama. Na wengi huteleza hapohapo, kwa sababu hawajatenda wala kukubali kitu, "nawaza tu". Kubishana na wazo nusu saa nzima nako ni kuliongelesha. Sala fupi, kisha ushike kazi nyingine.

Mchungaji: Angalieni mnamwambia nani. Mwenye dhamiri inayojitesa akisikia kila wazo ni dhambi, atatubu jambo lilelile mara kumi kwa siku, na kule kulichunguza ndiko kunakolirudisha. Huyo aambiwe aliache lipite. Anayejisamehe upesi aulizwe: Ulilitafuta? Ulipoligundua ulifanya nini? Ungelitenda kama hakuna ambaye angejua?

Mlutheri: Swali la tatu linaniunga mkono, mchungaji. Anayejibu "ningetenda" hajatenda lolote, na bado umemkamata.

Mkatoliki: Umemkamata kwa ridhaa, ndugu yangu. "Ningetenda" ni kukubali tayari. Kilichokosekana ni nafasi tu.