Kapima joto la hita akiwa na GLAVU mkononi!!

Wakuu nimetoka shifti ya usiku sasa hivi, hapa kwenye nyumba ya kulea wazee ninakofanya kazi, hata buti sijavua, nikilala na hili nitapasuka. Yule bosi wa mafundi mnamjua, wa koti la bluu na lundo la funguo kiunoni kama askari jela, sina haja ya kumtaja. Hita ya chumba cha bibi mmoja wa miaka 91 imekufa tangu Jumatatu, tumejaza fomu mpaka kalamu imekauka, na hii ni Minnesota, Januari, ukitema mate yanafika chini yameshakuwa jiwe. Bibi kajifunika mablanketi manne inaonekana pua tu.

Leo ndo kaja eti kuchunguza malalamiko. Kofia, koti, glavu. Kagusa hita sekunde moja, "mbona iko moto tu". NA GLAVU! Kaandika hakuna tatizo, kasaini, kaondoka. Bibi meno yanagongana ananiuliza, "ndo kamaliza?"

Sheria ya serikali kuu inataka chumba kiwe nyuzi 71 mpaka 81 za Farenhaiti, nimepima mwenyewe nikakuta 58. Kipimajoto kipo stoo, yeye kaja na glavu!

Mama Zuu: Pole mdogo wangu. Achana naye, piga simu idara ya afya ya jimbo, wakaguzi wao wanaingia bila hodi. Na yule ombudsman, mtetezi wa haki za wazee, hatozi hata senti.

Kijiti: Si mngempa bibi kihita cha kuchomeka ukutani?

Mwanzisha uzi: Marufuku vyumba vya kulala vya wazee mkuu, kinaunguza nyumba. We mtu anapima joto na glavu halafu unaniletea kihita?

Kijiti: Dada glavu tumezisikia, kalale.

Mbeba Boksi: Afadhali yenu hita, kwetu lifti wiki ya pili haipandi, supu tunaibeba kwa ngazi mpaka ghorofa ya tatu ikifika imebaki nusu bakuli, na fundi kila siku anasema kipuri kiko njiani.

Shangazi wa Usiku: Lifti kitu gani, mimi ovataimu ya Krismasi sijaiona mpaka leo.

Mwanzisha uzi: Jamani bibi yuko kwenye baridi!!

Kijiti: Shangazi, Krismasi kwenu wanalipa dabo au moja na nusu?