Tupeane uzoefu: kuilinda kompyuta na virusi vya flashi, kraki na viambatisho

Mtepe

Wakuu, habari za jioni. Maswali ya virusi yanarudi kila wiki, na jibu huwa lile lile: "weka antivirusi nzuri." Halimsaidii mtu. Naomba anayejua aeleze hatua kwa hatua, amri aziandike zilivyo, na aseme ni wapi mambo huharibika.

Naanza na virusi vya shotikati, maana ndivyo vinavyozunguka kati ya steshenari, saiba, mabweni na maofisi. Unachomeka flashi, kila folda ina mshale mdogo pembeni na ukubwa wa KB 1 au 2. Mafaili hayajafutwa. Kirusi kimeyapa alama mbili, ya kufichwa na ya mfumo, kisha kikaweka shotikati yenye jina lile lile. Bofya kulia juu ya shotikati hiyo, ingia Properties, soma mstari wa Target: utakuta cmd.exe au wscript.exe inaita skripti, yaani faili la maagizo la .vbs au .js, na mwishoni inafungua folda yako halisi. Ndiyo maana mtu huona folda imefunguka kama kawaida na asishtuke.

Kosa kubwa ni kuanza na flashi. Skripti inayokimbia ndani ya kompyuta hukagua diski zilizochomekwa kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo unasafisha na inachafuka ungali unaiangalia. Anza na kompyuta, flashi ikiwa imechomolewa:

1. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Details. Bofya kulia kwenye vichwa vya safu, chagua Select columns, weka tiki kwenye Command line. Sasa tafuta wscript.exe. Safu hiyo itakuonyesha skripti inayoendeshwa ilipo, mara nyingi ni ndani ya AppData au Temp. Nakili njia hiyo, kisha bonyeza End task.
2. Futa faili la skripti lenyewe. Usiiguse wscript.exe iliyo ndani ya System32, hiyo ni mali ya Windows. Wengi hufuta hiyo na kumwacha mwizi.
3. Bonyeza Win+R, andika shell:startup, futa shotikati au skripti usiyoitambua. Kisha fungua regedit, yaani kihariri cha mipangilio ya Windows, na uangalie HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run (HKCU ni HKEY_CURRENT_USER), na njia hiyo hiyo chini ya HKLM (HKEY_LOCAL_MACHINE). Task Scheduler nayo usiiruke.
4. Washa upya. Wscript isiporudi, chomeka flashi bila kubofya kitu ndani yake. Fungua cmd (dirisha la amri) na uandike, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
del E:\*.lnk

Herufi h, r na s ziende pamoja. Faili lenye alama ya mfumo hukataa kuondolewa ile ya kufichwa peke yake, na hapo ndipo watu husema amri haifanyi kazi. Amri ya del inafuta shotikati zote zilizo juu kabisa ya flashi, kwa hiyo kama una shotikati yako halali hapo, ihamishe kwanza. Kisha futa kwa mkono .vbs, .js au .exe usiyoijua.

Kisimani

Hatua ya tatu ya Mtepe inaweza kufupishwa kwa Autoruns, programu ya bure kutoka Sysinternals ya Microsoft. Ifungue kwa Run as administrator, kwenye Options weka Hide Microsoft Entries, na kila kinachojiwasha na kompyuta kitaonekana mahali pamoja. Ondoa tiki kwanza, washa upya, ukiona hakuna kilichoharibika ndipo ufute. Ukifuta moja kwa moja unaweza kuondoa draiva ya printa au ya modemu ukabaki unahangaika.

Baada ya kusafisha, funga mlango. Kama hutumii skripti za .vbs, izime huduma inayoziendesha. Kwenye cmd ya admin:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Kuanzia hapo ukibofya shotikati yenye kirusi cha aina hiyo, Windows itakataa kuendesha skripti. Hasara yake ni kwamba slmgr (ya leseni ya Windows) na skripti nyingine halali za .vbs nazo zitakataa. Ukizihitaji, rudia amri ukiweka 1 mahali pa 0. Na hii haizuii .exe wala PowerShell, isikulevye.

Zamda_IT

Naongeza jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kwenye kila kompyuta: onyesha mikia ya mafaili, yaani herufi za mwisho wa jina baada ya nukta. Windows huificha tangu unapoiweka. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, View, Show, File name extensions. Kwenye Windows 10 ni tiki ndani ya View.

Bila mkia, faili liitwalo Ankara.pdf.exe linaonekana Ankara.pdf, na alama yake ya picha inaweza kuwa ile ile ya PDF, kwa sababu mtengenezaji wa .exe huchagua alama anayotaka. Kuna .exe zenye alama ya folda ya njano kabisa. Mbinu hii ni kongwe: kirusi cha ILOVEYOU cha tarehe 4 Mei 2000 kilikuja kama LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na aliyeficha mikia aliona barua ya .TXT tu.

Mikia ya kukutia wasiwasi ikiletwa kama "nyaraka": .exe, .scr, .pif, .js, .vbs, .hta, .bat, .cmd, .lnk. Hakuna CV wala risiti ya benki inayokuja na .scr.

Nyaraka za Word na Excel zenyewe ni salama zaidi kuliko zamani. Tangu 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro (programu ndogo zilizo ndani ya nyaraka) za mafaili yaliyotoka intaneti. Ndiyo maana sasa anayekutumia faili bovu hukuandikia maelezo marefu: bofya kulia, Properties, weka tiki Unblock. Nyaraka inayokuelekeza namna ya kuzima ulinzi imejitambulisha yenyewe.

Ukindu

Wakuu, na sisi wa bando la kuhesabu? Antivirusi inataka intaneti kila siku.

Kisimani

Ndugu Ukindu, Defender iliyo ndani ya Windows 10 na 11 inatosha kwa mtu wa kawaida, mradi isasishwe. Tatizo lako huenda ni hili: ukiiweka hotspoti ya simu kuwa Metered connection ili kuokoa bando, Windows huahirisha masasisho mengi. Kwa hiyo yaite mwenyewe: Windows Security, Virus & threat protection, Protection updates, Check for updates. Hapo hapo utaona tarehe ya mwisho. Ikizidi wiki moja, usichomeke flashi ya mtu.

Kompyuta isiyo na intaneti kabisa inalishwa kwa flashi. Kwenye tovuti ya Microsoft kuna faili liitwalo mpam-fe.exe, zaidi ya MB 100. Chagua la 64-bit kama Windows yako ni 64-bit. Ukilibofya mara mbili halionyeshi dirisha lolote, na watu hudhani limegoma. Subiri dakika chache kisha angalia tarehe pale Protection updates. Usilihifadhi kwa miezi, hutolewa upya kila siku.

Mambo mawili zaidi. Usitegemee Quick scan kwa flashi. Bofya kulia kwenye herufi ya flashi, chagua Scan with Microsoft Defender. Na kirusi kinachorudi kila ukikifuta, tumia Microsoft Defender Offline scan ndani ya Scan options: kompyuta inajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, kama dakika 15 hivi. Hifadhi kazi zako kwanza.

Usiweke antivirusi mbili za kulinda muda wote. Zinagombania kila faili linalofunguliwa, kompyuta inaganda, na mwishowe mtu anazima zote.

Bandari7

Naomba niseme kwa uzito kuhusu kraki, yaani programu za kuvunja leseni ili utumie bila kulipa, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoteza tasnifu, picha za ndoa na hesabu za duka.

Kraki huja ndani ya zip yenye nywila, kama 1234, imeandikwa pembeni. Nywila hiyo ipo ili kivinjari na antivirusi zisiweze kuona kilichomo. Kisha maelezo yanasema "zima antivirusi kwanza". Ukishazima, umeiendesha programu ya mtu usiyemjua kwa mamlaka ya admin.

Familia ya virusi vya fidia iitwayo STOP, au Djvu, imeenea hasa kwa njia hii. Hufunga mafaili, huyaongezea mkia mgeni, na kuacha _readme.txt inayodai dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Ikikupata, fuata mpangilio huu:

Kata intaneti, chomoa diski zote za nje. Usipige Windows upya bado, na usibadilishe majina ya mafaili. Nakili mafaili yaliyofungwa pamoja na _readme.txt kwenye diski tupu. Fungua C:\SystemID\PersonalID.txt usome kitambulisho. Kikiishia na t1, kirusi hakikufika kwenye seva yake na kilitumia ufunguo wa pamoja, kwa hiyo kuna tumaini: Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungua mwaka 2019, na mradi wa No More Ransom unakusanya programu za namna hiyo. Kisipoishia na t1, ufunguo ni wako peke yako na wanao wao. Hifadhi mafaili usubiri, na anayekuahidi kufungua kwa uhakika ukimtumia pesa, mkimbie.

Djvu hufunga takriban KB 150 za mwanzo wa kila faili tu. Nyaraka ndogo ya Word imekwisha yote, lakini video kubwa au zip yenye mafaili mengi mara nyingine huokolewa sehemu kubwa kwa programu za kukarabati. Usifute video kwa hasira.

Wengi husahau kwamba aina hii mara nyingi huja na mwizi wa nywila. Huchukua nywila na vidakuzi (cookies) vilivyohifadhiwa kwenye kivinjari. Tumia simu au kompyuta nyingine safi kubadilisha nywila, ukianza na baruapepe, na uchague kujiondoa (sign out) kwenye vifaa vyote, kwa sababu kidakuzi kilichoibiwa humwingiza mwizi bila kuulizwa nywila. Angalia pia C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts: kirusi hiki huandika humo ili tovuti za usalama zisifunguke.

Na kraki yenyewe mara nyingi haina ulazima. Windows isiyoamilishwa inaendelea kupokea masasisho ya usalama, inakunyima mapambo tu na kukuwekea maandishi pembeni ya skrini. LibreOffice ni ya bure. GIMP ni ya bure.

Zamda_IT

Kwa alichosema Bandari7, washa Controlled folder access: Windows Security, Virus & threat protection, Manage ransomware protection. Haiwashwi yenyewe, na inahitaji Defender iwe ndiyo antivirusi inayofanya kazi. Inalinda Documents, Pictures, Music na Videos. Ukiweka kazi zako D:, iongeze kwa mkono. Itazuia pia baadhi ya programu halali, hasa za uhasibu za zamani zinazoandika ndani ya Documents. Usiizime yote kwa sababu hiyo, ruhusu programu hiyo moja pale Allow an app through Controlled folder access.

Na tengeneza akaunti mbili. Ya admin iwe na nywila na utumie siku ya kuweka programu. Ya kila siku iwe Standard user. Kirusi kitakachoingia kwenye ya pili hakiwezi kuzima Defender wala kuandika HKLM bila kuomba nywila. Mafaili yako mwenyewe bado kinayafikia, hivyo nakala ni lazima.

Mtepe

Kwenye nakala, dada Zamda, amri hii inatosha kwa mtu mwenye diski ya nje:

robocopy "%USERPROFILE%\Documents" "E:\Nakala\Juma-1" /E /R:1 /W:1 /XJ

Badilisha jina la folda kila wiki: Juma-1, Juma-2, hadi 4, kisha futa ya zamani na urudi mwanzo. Usitumie /MIR kama watu wanavyofundishana. Hiyo hufananisha pande zote mbili, kwa hiyo mafaili yaliyofungwa na kirusi yananakiliwa na mazima yanafutwa. R:1 na W:1 zina maana yake: bila hizo robocopy hujaribu faili bovu mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara.

Ikimaliza, chomoa diski. Diski inayokaa imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta.

Kisimani

Msisahau Windows yenyewe. Bonyeza Win+R, andika winver, uone toleo lako. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa aliyejiandikisha kwenye nyongeza ya mwaka mmoja. Kwamba Defender bado inapata majina mapya ya virusi haina maana kuwa matundu ya mfumo yanazibwa. WannaCry, kirusi cha fidia, ilianza 12 Mei 2017, ilhali kiraka cha tundu ililopitia kilitolewa 14 Machi mwaka huo huo. Haikusubiri mtu abofye, ilipita kwenye mtandao hadi kwenye mashine zisizosasishwa.

Ukindu

Swali la mwisho kwa Mtepe. Baada ya attrib hujitokeza folda isiyo na jina, nafasi tupu. Ifutwe?

Mtepe

Usiifute! Aina fulani ya kirusi huhamishia mafaili yako yote humo, na jina lake ni herufi isiyoonekana. Ibofye mara moja, bonyeza F2, ipe jina, ingia uhesabu mafaili. Nakili yote isipokuwa .exe, .vbs, .js, .lnk na desktop.ini, ndipo uformati flashi.

Ukienda steshenari, tumia memori kadi ndogo ndani ya adapta ya SD yenye kitelezi cha Lock. Kiteremshe kabla ya kuitoa mfukoni. Baadhi ya visomeo vya bei rahisi hupuuza kitelezi hicho, kwa hiyo kijaribu nyumbani: ukiweza kufuta faili kikiwa kimefungwa, kisomeo hicho hakikulindi.