Kwa nini nyanya hasemi sita?

Mama Watatu, Nakuru:
Mama yangu amekuja kukaa nasi kutoka Kisii. Juzi, akipanga mayai kwenye trei, alihesabu kwa Ekegusii, lugha yetu Wakisii, hadi isano, yaani tano, kisha isano nemo (tano na moja), isano na ibere (tano na mbili), isano na isato (tano na tatu). Mwanangu alicheka, akaniuliza kama nyanya hajui sita. Je, ni kweli hesabu yetu iliishia tano, ndipo ikalazimika kuunga maneno?

Jirani wa Kibuye, Kisumu:
Haikuishia tano, dada. Nyanya akiachwa aendelee, atafika kianda, yaani tisa, ambalo halina tano ndani yake, kisha ikomi, ambalo ni ndugu wa kumi. Mkono mmoja ukijaa, vidole vya mkono wa pili vinaanza. Dholuo, lugha ya Wajaluo, nayo hupita njia hiyo, ila kwa kutumika sana maneno yameshikana: baada ya abich, ambayo ni tano, huja auchiel, ambamo achiel, moja, bado inasikika, na abiriyo, ambamo ariyo, mbili, haikujificha. Tisa huitwa ochiko au ongachiel, na katika hili la pili mimi husikia "onge achiel", moja haipo, yaani imepungua moja kufika kumi.

Mwalimu wa Kiswahili, Kakamega:
Ningemuuliza mtoto hiyo sita yake imetoka wapi. Sita, saba na tisa tulizipokea kutoka Kiarabu, tukaziacha mtandatu, mfungate na kenda. Mfungate angalau imeacha fungate ya maharusi, ambayo kwa asili ni siku 7. Na huo mtandatu, ukiutazama vizuri, una tatu ndani yake. Kwa hiyo hata Kiswahili kiliwahi kuunga, wala hakuna aliyekicheka.

Mkipsigis wa Njoro:
Nina dogo la kuongeza. Trei ya mayai 30 kwetu ni sosom, neno moja lisilounganishwa na tatu, ambayo ni somok, kwa namna iliyo wazi. Arobaini ni artam, na majirani zetu Wamaasai husema artam vilevile.

Mama Watatu, Nakuru:
Asanteni sana. Nimemsomea mama, naye anasema trei yake ni emerongo etato. Mtoto ameitambua tatu papo hapo. Emerongo ilimshinda, mpaka nilipomkumbusha miongo ya shuleni, ile ya miaka kumi kumi.